Maji ya kifuani yamekauka, mgonjwa hajapona!

Najua nimewatupa, kazi za chumba cha habari zimenibana kila kona. Leo nimeamka na dukuduku ambalo nisipolitoa litanijaa kifuani mpaka nikatobolewe na mimi. Kwa hiyo nivumilieni, naandika nikiwa na hasira kidogo.

Kuna sentensi moja inaua watu kwetu Arash. Haitamkwi na mganga wa kienyeji wala na mzee wa boma. Inatamkwa na mtu aliyevaa koti jeupe na kuning'iniza kipimo shingoni. Sentensi yenyewe ni hii: "Una maji kwenye mapafu." Halafu nukta. Mgonjwa anafungashiwa vidonge, anaambiwa aende nyumbani.

Hivi jamani, "maji kwenye mapafu" ni ugonjwa? Ukimpelekea fundi gari linalotoa moshi mweusi, akakuambia "gari lako lina moshi", utamlipa?

Ngoja niwasimulie kwanza, ndipo tugombane.

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi likizo nikamkuta mtoto wa baba mdogo, kijana wa rika la morani, miaka 19 hivi, amelala ubavu ndani ya nyumba mchana kweupe. Kwa mnaoujua Umasaini, kijana wa umri ule kulala mchana wakati ng'ombe wako malishoni ni jambo la kuitia watu. Alikuwa na homa za jioni, kikohozi kikavu, na kichomi upande wa kulia kila akivuta pumzi. Wiki mbili baadaye kichomi kikapungua na sisi tukafurahi. Kumbe kilipungua kwa sababu maji yalikuwa yameshaanza kujaa na kutenganisha nyama zilizokuwa zinasuguana! Maumivu yalipoondoka, pumzi nazo zikaanza kukata. Akipanda kilima kidogo anasimama mara tatu.

Tukampeleka kituo cha kwanza, sitakitaja. Malaria na nimonia, sindano siku tano. Hakuna nafuu. Tukachanga, tukakodi gari, tukampeleka kituo cha pili, nacho sitakitaja. Huko alipigwa picha ya eksirei, upande wa kulia ulikuwa mweupe nusu nzima. Wakamchoma sindano mgongoni, wakatoa zaidi ya lita moja ya maji yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolezwa maji. Nilikuwepo. Nilishika beseni mimi mwenyewe.

Mnajua yale maji yalikwenda wapi? Chooni. Lita nzima ya ushahidi, ikamwagwa! Makohozi yakapimwa, jibu likarudi kwamba hakuna TB. Akapewa antibiotiki za siku saba, na daftari lililoandikwa Kiingereza ambacho nyumbani nilikuwa nakisoma mimi peke yangu, tena kwa kubahatisha.

Tuliporudi, wazee wakaamua apelekwe orpul. Kwa wasiojua, orpul ni kambi ya porini ambako wanaume hukaa wiki kadhaa wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi, olkiloriti ikiwemo. Akakaa huko mwezi. Akarudi amenenepa, homa hakuna, pumzi zinatosha. Boma zima likashangilia. Wazee wakasema ni supu. Wale wa kituo walipomwona mnadani wakasema ni antibiotiki zao. Kila mtu akachukua sifa yake akaondoka.

Mwaka 2018 akaanza kukohoa damu. Wakati huo alikuwa amekohoa miezi mingi ndani ya nyumba ile ile ya moshi, dirisha dogo kama ngumi, pamoja na mtoto wa dada yake wa miaka mitatu. Kijana alipatiwa dawa za TB, akapona. Mtoto TB ilipanda kichwani. Kwetu marehemu hatajwi jina, nami sitamtaja. Ila nataka mjue alikuwepo, kwa sababu kwenye daftari la mwaka 2016 hayupo, na ndiye aliyelipa deni la sentensi ile.

Sasa twende darasani kidogo. Mimi si daktari, lakini tangu nianze kazi hii nimewauliza madaktari mpaka wamenichoka. Naandika nilivyoelewa.

Mapafu hayakai uchi kifuani. Yamevikwa ngozi nyembamba sana, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umevikwa ngozi kama hiyo. Kati ya ngozi hizo mbili kuna majimaji kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya chai kila upande, ya kulainisha ili pafu liteleze unapopumua. Kwa hiyo hata usemi wenyewe umekosea. Maji tunayoyazungumzia hayako NDANI ya pafu. Yako nje yake, yanalibana kama mtu aliyekalia puto. Maji yanayojaa ndani ya pafu lenyewe ni habari nyingine, na mara nyingi chanzo chake ni moyo.

Yanajaaje? Fikiria lambo la kunyweshea ng'ombe. Lina pa kuingilia maji na lina pa kutokea. Majimaji ya kifuani hutoka kwenye mishipa midogo ya damu ya ngozi ile, kisha hunyonywa na mishipa ya limfu iliyoko ukutani. Mifereji hiyo ya kunyonya ni imara, inaweza kuondoa mara nyingi zaidi ya kile kinachoingia siku ya kawaida. Kwa hiyo ukiona lambo limefurika, ujue ama maji yanaingia kwa fujo, ama mifereji imeziba, au vyote viwili.

Moyo ukishindwa kusukuma damu, presha kwenye mishipa inapanda na maji yanasukumwa nje. Ini au figo zikiugua, au mtu akikosa protini, damu inakosa kile kinachoyashika maji yabaki ndani yake. Nimonia inaweza kuleta maji, na ikiachwa yanageuka usaha unaohitaji mpira wa kuutoa, si vidonge peke yake. Saratani huziba mifereji na kulowesha ngozi ile, mara nyingi kwa maji yenye damu. Pigo la kifua laweza kujaza damu tupu.

Halafu kuna TB. Kwa kijana, maji upande mmoja, homa za jioni na kupungua uzito, katika nchi ambayo WHO iliiweka kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025... jamani, unahitaji kupiga ramli?

Hapa ndipo penye mtego. Kwenye TB ya aina hii, vijidudu vichache hupenya kutoka ukingoni mwa pafu na kuingia kwenye ule uwazi, na mwili unavishambulia kwa hasira. Maji mengi yanatokana na hasira ya mwili, siyo wingi wa vijidudu. Ndiyo maana makohozi mara nyingi hayaonyeshi kitu. Ndiyo maana hata maji yenyewe ukiyaweka kwenye hadubini, au kwenye mashine ya GeneXpert, mara nyingi jibu ni "hakuna". Sasa mtu akikuambia "makohozi ni safi, kwa hiyo si TB", amekuambia kwamba amechungulia dirisha la mbele hakuona mwizi, ilhali mwizi yuko uani.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, na ndio ulionifanya niandike. Maji ya TB huweza kukauka YENYEWE. Bila dawa ya hospitali, bila ya msituni, bila maombi. Wiki chache au miezi michache, mwili unatulia, mifereji inanyonya, mtu ananenepa. Lakini vijidudu havijaondoka, vimelala tu. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Marekani, Roper na Waring, walichapisha habari za wanajeshi 141 waliowahi kupata maji ya namna hii bila kutibiwa TB. Asilimia 65 kati yao walikuja kuugua TB kamili baadaye. Karibu theluthi mbili!

Soma tena hapo juu, 2016 na 2018. Ndugu yangu hakuponywa na supu. Hakuponywa na antibiotiki. Alipewa likizo na ugonjwa wenyewe, sisi tukadhani amepona.

Na hapo ndipo ninapofika Samunge.

Mnaikumbuka 2011? Mimi nilikuwa mtoto, lakini nani atasahau. Wilaya yetu hii hii ya Ngorongoro, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, kikombe kimoja shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga, magonjwa sugu yote. Foleni za magari kilomita na kilomita. Wenye nguvu wakaenda kwa helikopta. Wapo wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini, na wapo waliofia njiani kabla ya kufika.

Babu alifariki Julai 2021, na sina haja ya kugombana na marehemu. Alitoza shilingi 500, wapo wanaotutoza mamilioni na hawatuponyi. Ugomvi wangu ni na sisi wana habari. Tulihesabu magari. Tulipiga picha vikombe. Tuliandika "fulani ametoa ushuhuda amepona". Ni wangapi kati yetu waliorudi kwa fulani yule baada ya miaka miwili kumwuliza anaendeleaje? Ugonjwa ambao unaweza kulala na kuamka unahitaji mwandishi anayerudi. Sisi tulikwenda na foleni na tukaondoka na foleni. Ushuhuda wa wiki tatu haukuwa uongo, wadau, mtu kweli alikuwa anapumua vizuri! Ndio maana ni wa hatari kuliko uongo.

Najua wengine mmeshaanza kuandika maoni kwamba "Wamasai nao wana mila zao, hawapendi hospitali". Nawaomba mrudi juu mhesabu. Kituo cha kwanza. Kituo cha pili. Orpul ilikuwa ya TATU. Familia yangu iliuza ng'ombe wawili kumfikisha kijana mbele ya daktari, ikampata daktari, maji yakatolewa, na bado jina la ugonjwa halikutajwa. Mtu aliyekwenda hospitali akarudishwa bila jibu, msimlaumu kwa kutafuta jibu msituni. Na hao waliopanda helikopta kwenda Samunge walikuwa Wamasai wa boma gani?

Wengine mtasema ni maziwa mabichi. Sawa, ipo TB ya ng'ombe inayopita kwenye maziwa, na mimi nyumbani napigania yachemshwe mpaka koko, bibi yangu, ananiita mzungu. Lakini TB nyingi tunazougua sisi ni za hewa, za mtu kumkoholea mtu kwenye chumba kisichopitisha upepo. Kulaumu maziwa ni rahisi kwa sababu kunamwacha kila mtu mwingine salama.

Wengine mtasema Arash ni mbali, hakuna vifaa. Nakubali ni mbali. Barabara ile mvua ikinyesha ni mto, na kiangazi mifugo inahama na watu wanahama nayo. Lakini vifaa? Mwaka 1761 daktari mmoja wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alichapisha kitabu akieleza kwamba ukigonga kifua kwa vidole, penye hewa panalia kama ngoma na penye maji panalia dafu, kama unavyogonga pipa kujua mvinyo umefika wapi. Zaidi ya miaka 260 iliyopita! Vidole havihitaji umeme wala jenereta. Koko wangu anagonga kibuyu kujua maziwa yaliyobaki. Kituo cha kwanza kilimchoma kijana sindano siku tano, na hakuna hata mtu mmoja aliyegonga mgongo wake.

Na maji yakishatolewa, kuyapima si maajabu. Rangi peke yake inaanza kusema: usaha, damu, meupe kama maziwa, ya chai. Tangu mwaka 1972 daktari Richard Light na wenzake walionyesha kwamba ukilinganisha protini na kimeng'enya kiitwacho LDH kwenye maji na kwenye damu, unaweza kutenganisha maji ya moyo na figo na yale ya maambukizi na saratani. Chembechembe nyeupe zikihesabiwa, aina yake inakusogeza zaidi kwenye TB au mbali nayo. Kama maabara iko mbali, chupa ndogo inasafiri. Beseni haisafiri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii si mgeni wa TB. Kibong'oto kule Siha inatibu vifua tangu 1926. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na ni humu humu nchini ambamo daktari Karel Styblo alijaribu na kuthibitisha namna ya kumfuatilia mgonjwa akimeza dawa zake, utaratibu ambao WHO iliuchukua miaka ya tisini ikaueneza dunia nzima. Dunia ilijifunza kwetu! Dawa ni bure. Miezi sita tu: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Hakuna wa kutuambia hatuna elimu. Tunayo, imeishia kwenye makabati ya semina.

Kwa hiyo nadai nini? Sidai hospitali ya ghorofa Arash. Nadai haya:

Moja. Mgonjwa asiruhusiwe kutoka na neno "maji" bila neno la pili. Maji YA NINI? Kama hamjui, andikeni "chanzo hakijajulikana" na mpeni tarehe ya kurudi. Kutojua si dhambi, kuficha kwamba hujui ndiyo dhambi.

Mbili. Daftari liandikwe Kiswahili. Mgonjwa wa Arash atakutana na mhudumu mwingine kesho, na anayemsomea nyumbani ni mtoto wa shule.

Tatu. Kijana mwenye maji upande mmoja, homa na kukonda, asiambiwe hana TB kwa sababu ya makohozi peke yake. Apimwe na VVU pia, maana hivyo viwili vinatembea pamoja.

Nne. Ikigundulika ni TB, mtu aende bomani. Nani analala naye? Watoto wa chini ya miaka mitano wachunguzwe, na walio wazima wapewe dawa ya kinga. Ipo! Mwaka 2018 ilikuwepo, 2016 ilikuwepo. Nikifika hapa kalamu inakuwa nzito.

Tano. Vidonge vifuate mifugo. Mtu akihama na ng'ombe mwezi wa tatu wa matibabu, asiandikwe "mtoro". Apewe dawa zake na apewe mtu wa kumfuatilia huko aendako.

Na kwenu viongozi wa wilaya na mkoa: Arash mnaijua sana inapokuja habari ya ardhi na mipaka. Mwaka 2022 magari yalifika kwa wingi kuweka vigingi vya lile eneo la kilomita za mraba 1,500, na hakuna aliyesema barabara ni mbaya. Njia iliyopitisha vigingi inaweza kupitisha chupa ya sampuli.

Na kwako msomaji, hata kama uko Dar, Mwanza au Muscat. Ukiambiwa wewe au mzazi wako "una maji kwenye mapafu", usiinuke kwenye kiti. Uliza: yametokana na nini? Mtayapima? Na yakikauka, nirudi lini? Ukiambiwa yametolewa yameisha, uliza tena. Kutoa maji kunampa mtu pumzi, na pumzi ni jambo kubwa, lakini ukipunguza maji ya lambo bila kuziba pale yanapobubujika, utaleta ndoo kila wiki.

Ndugu yangu yupo, anachunga. Picha yake ya kifua upande wa kulia ina kovu, na akikimbia anaishiwa pumzi kabla ya wenzake. Siku hizi kijana yeyote akilalamika kichomi bomani kwetu, yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Hasemi mengi. Anamgeuza, anamgonga mgongo kwa vidole viwili, kulia, kushoto, anasikiliza. Hakufundishwa chuoni. Alijifundisha, kwa sababu hakuna aliyemgonga yeye.

Mwezi uliopita alinipigia simu kuhusu kijana mmoja wa boma la jirani. Aliniambia maneno machache tu: "Huku kunalia dafu. Nimemwambia wasimwage maji."

Nawasilisha. Matusi na pongezi vyote viende kwenye maoni hapo chini.